Nani anamfuata nani? Wazee wa bluzi na vijana wa roki



Siku hizi kila mwanamuziki anatafuta kolabo. Kijana anatafuta muzee mwenye jina, muzee anatafuta kijana mwenye mashabiki, wanaingia studio siku mbili, wimbo unatoka, picha zinazunguka ku telefone. Halafu sisi tunaanza kubishana: imetoka muzuri, haikutoka muzuri. Lakini tunapima na kipimo gani? Mara nyingi tunahesabu majina tu. Majina makubwa mawili, basi wimbo mkubwa. Hesabu hiyo inatudanganya, na sote tumekwisha kusikia kolabo za majina makubwa ambazo hakuna anayezirudilia.

Leo ninaleta kipimo kingine, na nitakijaribu mu disiki chache za Marekani na Uingereza, za kati ya mwaka 1963 na 1971. Wakati ule wazee wa bluzi, ile miziki ya Waamerika weusi iliyozaliwa mashambani mwa Kusini, waliingizwa studio moja na vijana wa roki ambao wangeweza kuwa watoto wao. Kipimo chenyewe ni swali moja: muzee akigeuza njia katikati ya wimbo, nani anamfuata nani?

1. Walikutana juu ya nini

Muddy Waters alikuwa dereva wa trekta shambani Mississippi. Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago. John Lee Hooker, mwana wa Mississippi pia, alifika Detroit, mji wa viwanda vya magari. Mchana alifanya usafi kiwandani, usiku alipiga gitaa. Howlin' Wolf, jina lake la kweli Chester Burnett, alitoka mashamba hayo hayo. Kule mijini walichomeka gitaa ku umeme, sababu baa zilikuwa na kelele. Miaka ya 1950 njo ilikuwa miaka yao.

Kufika miaka ya 1960, vijana weusi wa Marekani walikuwa wamehamia soul. Bluzi kwao ilikuwa na harufu ya shamba la pamba, na hakuna kijana wa mjini anayependa kukumbushwa jembe la babu yake. Lakini Uingereza vijana weupe walikuwa wanatafuta disiki hizo kama mgonjwa anavyotafuta dawa. Rolling Stones walichukua jina lao ku wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Juni 1964 walisafiri mpaka Chicago kurekodi mu studio ya Chess, 2120 South Michigan Avenue, kwa sababu hapo njo wazee wao walirekodia.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na hitaji. Wazee walihitaji soko. Vijana walihitaji mtu wa kuwaambia kwamba wanachokipiga ni kitu cha kweli. Anayesema ilikuwa wizi mtupu amesahau kwamba wazee walikuja kwa miguu yao. Anayesema ilikuwa upendo mtupu amesahau pesa, na pesa nitaifikia.

2. Hesabu ya 12

Bila kuelewa jambo moja la ufundi, hatutafika mbali. Bluzi nyingi inajengwa juu ya mzunguko wa vipimo 12 na akori tatu. Ukimaliza 12, unarudi mwanzo. Kijana anayejifunza peke yake chumbani anaishika hesabu hiyo kama sheria ya nchi.

Sasa Hooker hapana. Hooker alizoea kupiga peke yake, mguu wake njo batri yake. Anabadilisha akori wakati maneno yake yamekwisha, hata kama hesabu haijafika. Mara inatoka vipimo 11, mara 13 na kipande. Mara habadilishi kabisa: «Boogie Chillen'» aliyorekodi mwaka 1948 inasimama juu ya akori moja toka mwanzo mpaka mwisho, na mwaka 1949 ilifika namba moja ku soko la miziki ya weusi Marekani. Si kwamba hajui kuhesabu. Wimbo wake unahesabu pumzi ya mtu anayesema.

Weka mtu huyo mbele ya kikundi cha vijana watano waliofunzwa 12. Yeye anageuka, wao bado wanangoja. Au wao wanageuka, yeye bado yuko katikati ya neno. Hapo njo kila kolabo inaonyesha sura yake. Ku kipimo hakuna pa kudanganya: unasikia na masikio yako kama kijana alikuwa anamsikiliza muzee, ao alikuwa anasikiliza kitabu.

Mfano wa kwanza ni wa Desemba 1963. Sonny Boy Williamson, fundi wa harmonika, alibaki Uingereza kisha mzunguko wa matamasha, na Yardbirds wakamsindikiza mu klabu ya Crawdaddy. Eric Clapton alikuwa na miaka 18. Ukisikiliza rekodi ile, vijana wanapiga kama wanafunzi siku ya interro: kila mmoja anaogopa kukosea, hakuna anayejibu. Muzee anapuliza, anaacha nafasi ya jibu, nafasi inabaki wazi. Wanamfuata, lakini kwa mbali, kama mtoto anayemfuata baba sokoni bila kushika mkono. Siwalaumu. Ila heshima ya woga haileti miziki.

3. Muddy mara mbili

Mwaka 1968 Marshall Chess, mtoto wa mwenye kampuni, alitaka kumuuza Muddy Waters kwa vijana waliokuwa wanamsikiliza Jimi Hendrix. Ikatoka «Electric Mud». Gitaa zinalia, zinapindwa, zinapita juu ya sauti ya muzee kama magari ku barabara kubwa. Muddy anaimba nyimbo zake za zamani, na pia anaimba wimbo wa Rolling Stones, vijana wale wale waliopata jina kwake.

Hapa tusikimbilie kusema shida ilikuwa rangi. Waliopiga mu disiki hiyo, Pete Cosey, Phil Upchurch, Louis Satterfield na wenzao, walikuwa mafundi weusi wa Chicago, vijana wa mji ule ule. Cosey baadaye alipiga na Miles Davis. Ufundi ulikuwapo, tena mwingi. Kilichokosa ni kingine: miziki imejengwa bila kumngoja mwimbaji. Toa sauti ya Muddy, weka ya mtu mwingine, hakuna gitaa hata moja itakayoshtuka. Yeye mwenyewe baadaye aliikana disiki hiyo, kwa sababu nzito kabisa kwa mwanamuziki: hakuweza kuipiga jukwaani na watu wake. Mwaka uliofuata walimfanyia Howlin' Wolf vile vile, na safari hii kampuni iliandika ku ganda la disiki kwamba Wolf mwenyewe haipendi. Walifanya masikitiko ya muzee kuwa tangazo la biashara.

Najua kuna wasomaji watanijibu. Watasema «Electric Mud» ilipendwa kisha na watu wa rap, Chuck D mmoja wao, kwa hiyo haikupotea bure. Nakubali. Kama disiki ya gitaa, iko na moto, na mimi naisikiliza. Lakini swali letu si kama inapendeza. Swali ni kama watu wawili walikutana, na pale hawakukutana.

Angalia sasa Aprili 1969, Chicago, kampuni ile ile na Muddy yule yule. Disiki inaitwa «Fathers and Sons», yaani baba na watoto. Ku harmonika Paul Butterfield, ku gitaa Mike Bloomfield, vijana weupe wa Chicago ambao tangu ujana wao walikuwa wanaenda mu baa za South Side kumsikiliza Muddy kwa macho na masikio. Pembeni yao wako Otis Spann ku piano, mtu wa Muddy mwenyewe, na Sam Lay ku batri. Hakuna anayekimbia mbele. Muddy akikata neno, harmonika inaliokota pale pale lilipoanguka, na sauti yake inapata nafasi ya kupumua. Mwaka mmoja tu umepita tangu «Electric Mud», lakini muzee anasikika kama mtu aliyerudishwa nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba watoto hawa walifika mlangoni miaka mingi mbele ya kufika studio.

4. Wolf mu London

Mei 1970 walimpeleka Howlin' Wolf Olympic Studios, London. Alikuwa karibu kutimiza miaka 60, na afya yake haikuwa nzuri. Walimngoja Clapton na wawili wa Rolling Stones: Bill Wyman ku basi na Charlie Watts ku batri. Clapton alishikilia kwamba Hubert Sumlin, mpiga gitaa wa Wolf wa miaka mingi, aletwe pia. Hilo ni jambo la kumheshimu: nyota anaomba mwenye kazi awepo. Lakini ukisikiliza disiki yenyewe, Sumlin amebaki nyuma, gitaa la mbele ni la Clapton. Walimwalika mwenye nyumba, wakamkalisha ku kiti cha mgeni.

Mu disiki ile kuna dakika moja ninayoipenda kuliko zingine zote. Wanataka kuanza wimbo wa jogoo mwekundu, vijana hawapati mwanzo wake. Wolf anasimamisha, anachukua gitaa, anawaonyesha mkono unavyopita na hesabu inavyoingia. Waliacha kipande hicho ndani ya disiki, na walifanya vizuri. Pale njo unasikia mafunzo yakifanyika: sauti nzito ya muzee mgonjwa, na vijana tajiri kuliko yeye wamenyamaza. Kisha wanapiga. Wanapiga sawasawa, kwa usafi, na kidogo kwa baridi. Naweza kusema disiki hiyo ilipita mtihani, lakini bila distinction.

5. «Hooker 'n Heat»

Sasa nafika ku disiki iliyonifanya niandike. Mwezi ule ule wa Mei 1970, Los Angeles, John Lee Hooker aliingia studio na Canned Heat. Vijana hawa walikuwa maarufu tayari, walikuwa wamepiga Woodstock mwaka 1969. Hata jina lao walilitoa ku wimbo wa bluzi wa Tommy Johnson wa mwaka 1928. Na kati yao alikuwapo kijana mmoja, Alan Wilson, miaka 26, macho mabovu, miwani minene, mtu wa haya.

Wilson alikuwa msomi. Aliwahi kusoma miziki ku Boston University. Mwaka 1964 Son House, mmoja wa mababa wa bluzi ya Mississippi, alipatikana mzima kisha miaka mingi ya kuacha gitaa, na alikuwa amesahau nyimbo zake. Wilson, kijana wa miaka 21 hivi, alizijua ku disiki za zamani. Akakaa na muzee, akamrudishia nyimbo zake moja moja mpaka vidole vikakumbuka. Fikiri kidogo: mwanafunzi anamkumbusha mwalimu somo la mwalimu mwenyewe, bila kulifanya lake.

Njo mtu huyo aliyekaa mbele ya Hooker. Na angalia namna walivyopanga kazi. Hawakuanza na kikundi kizima. Walimwacha Hooker peke yake, gitaa, sauti, na ubao chini ya kiatu ili mguu wake usikike. Nyimbo za kwanza ni muzee mmoja tu, kama alivyokuwa Detroit. Kisha anaingia Wilson peke yake: harmonika mu «Burning Hell», piano mu «The World Today». Wengine wanaingia mwishoni tu. Disiki mbili zimepangwa kama ziara ya heshima: unapiga hodi, unakaa, unasikiliza, na kazi inakuja mwisho.

Sikiliza «Burning Hell» na kipimo chetu mkononi. Hooker anageuka wakati anapotaka, harmonika inageuka naye papo hapo. Si kisha nusu sekunde, kama mtu anayemtazama mwenziwe vidole. Wilson hahesabu. Anasikiliza pumzi ya muzee, anajua neno linakaribia mwisho, anafika wakati mmoja naye. Kati ya nyimbo mikro zilibaki wazi, na Hooker anasikika akishangaa namna kijana huyu anavyomshika. Mimi naiona hiyo kuwa sifa kubwa kuliko tuzo yoyote, sababu Hooker alikuwa ameshinda miaka mingi na wasindikizaji waliomkwaza.

Na Wilson hakunyenyekea kwa kunyamaza, kama vijana wa 1963. Anajibu. Mara anasukuma, mara anaingiza sauti kali pale Hooker alipoacha giza. Kufuata si kuiga, wala si kuwa mtumwa wa muzee. Ni kuacha hesabu yako ili uingie mu hesabu ya mwingine, na ukiwa ndani useme neno lako.

Disiki nzima si kamilifu. Batri na basi zinapoingia, mara nyingine zinamnyoosha Hooker: mapigo yanakuwa sawa mno, na ule mguu uliokuwa unachechemea kwa utamu unafunikwa. «Boogie Chillen No. 2», zaidi ya dakika 11, iko na nguvu ya kuinua paa, lakini ni nguvu ya kikundi, na muzee anapanda juu yake kama abiria. Furaha iko, siri haiko tena. Kwa masikio yangu kilele ni pale katikati, watu wawili tu.

Wilson alikufa tarehe 3 Septemba 1970, miaka 27, mbele disiki haijatoka. Ilipotoka Januari 1971, ku picha ya ganda wenzake wako na Hooker, na yeye ni picha tu ku ukuta. Muzee aliishi miaka 30 zaidi. Mwaka 1989 alirudi na «The Healer», pamoja na Carlos Santana, Bonnie Raitt na hata Canned Heat, na akapata Grammy kwa wimbo alioimba na Raitt. Mlango ule vijana wengi walipita kisha, lakini Wilson njo aliyeonyesha namna ya kupita.

6. Pesa nayo inafuata nani?

Kipimo changu kinafanya kazi hata ku karatasi. Cream walipiga wimbo wa Skip James mwaka 1966, wakaandika jina lake, na pesa ya mtunzi ilimfikia muzee wakati wa ugonjwa wake. Ilikuwa haki yake, na alipewa. Led Zeppelin walifanya kinyume. Mwaka 1969 walitoa wimbo uliobeba kazi ya Howlin' Wolf bila jina lake. Kampuni ya haki iliwashitaki, na mwaka 1972 wakapatana. Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa Chess, aliwashitaki mwaka 1985 juu ya wimbo mwingine, wakapatana mwaka 1987. Dixon alianzisha shirika la kuwasaidia wanabluzi kudai haki zao, na leo shirika hilo njo linatunza ile nyumba ya 2120 South Michigan Avenue.

Na nisimfiche shujaa wangu. «Going Up the Country», wimbo wa Canned Heat uliovuma sana mwaka 1968, umejengwa juu ya wimbo wa Henry Thomas wa mwaka 1928, lakini ku karatasi aliyeandikwa mtunzi ni Wilson. Mtu aliyesikiliza kuliko wote studioni, ku karatasi hakusikiliza. Tukimpenda, tuseme na hilo.

7. Na sisi?

Mambo haya yako karibu na sisi. B.B. King alipiga Kinshasa Septemba 1974, ku tamasha la Zaïre 74, jukwaa moja na Franco na OK Jazz. Huyo B.B. King ndiye aliyeimba na U2, na mu filamu yao ya mwaka 1988 anawaambia bila haya kwamba akori si kazi yake, wao wazishike. Muzee mwenye jina kama lile anasema asichojua, kila mtu anashika nafasi yake, na wimbo unasimama.

Na kuna mfano wetu kabisa. Mwaka 2011 Konono N°1, orkestra aliyoianzisha Muzee Mingiedi Mawangu na likembe za umeme, walizunguka pamoja na Kasai Allstars na vikundi vya roki kama Deerhoof wa Marekani. Disiki ya kazi hiyo ilitoka mwaka 2022, na jina lake ni swali: pigo la kwanza liko wapi? Ni swali la mtu wa roki aliyepotea ndani ya mzunguko wa likembe. Naipenda disiki hiyo juu ya jina lake tu. Hawakuwalazimisha Wakongomani wahesabu kama wao. Walikubali kupotea kwanza.

Sisi benye kusoma tuna tabia yetu. Tunaenda kwa wazee, kwa ajili ya TFC ao mémoire, na kestioneri iliyokwisha kupigwa mashine: maswali 12, nafasi mistari mitatu. Muzee anaanza kueleza kwa njia yake, anapita kwa babu yake, kwa mto, kwa vita, na sisi tunamkatiza: «Muzee, tubaki ku swali la 4.» Hapo tunapiga «Electric Mud». Tunachukua sauti yake na kuiweka juu ya kazi ambayo haikumngoja. Kisha tunaandika kwamba informateur hakujibu wazi.

Hakuna anayesema tutupe masomo. Wilson alimrudishia Son House nyimbo kwa sababu alikuwa amesoma. Lakini alitumia masomo ili asikie vizuri zaidi, na mbele ya Hooker aliweka hesabu pembeni.

Kwa mwenye hamu, shauri langu ni kusikiliza kwa mpango huu: «Boogie Chillen'» ya 1948, kisha «Electric Mud», kisha «Burning Hell» ya Hooker na Wilson. Usitafute gitaa tamu. Tega sikio pale muzee anapogeuka, na uangalie nani yuko naye.